Semina ya Uvumilivu

Kiuu, Ruiru
14 Januari 2025

Kwa Madam Beth Wamboi,
Dawati la Wageni, Thika

Salamu Madam. Jina langu ni Akoth Odongo. Tangazo lako nililiona mlangoni mwa kanisa hapa Kiuu. Linasema mtu mwenye ufundi aliyehamia huku kutafuta kazi akuandikie, asipige simu. Basi naandika, na nimeambatanisha vyeti vyangu na barua ya maombi.

Mimi ni fundi wa mota za umeme. Mota ikiungua, naifungua, natoa waya ulioharibika, nasuka koili upya kwa waya mpya wa shaba, napaka vanishi, nakausha, na inarudi kazini. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kwenye karakana ya kiwanda cha sukari kule nyumbani, upande wa ziwa, mpaka kiwanda kikasimama na sisi tukaambiwa tungoje, tutaitwa. Tulingoja. Mwishowe nikamwachia mama yangu mtoto, nikaja huku kwa binamu yangu Mitchell.

Tangu Oktoba nimezunguka kwenye mageti ya viwanda, kuanzia Ruiru mpaka Thika. Askari wa geti huniuliza kama natafuta kazi ya jikoni au ya kufagia. Nikisema mota, anaita wenzake waje wasikie. Mmoja aliniambia nirudi na mume wangu. Na wale wachache waliovisoma vyeti vyangu wanataka mtu mwenye uzoefu wa huku. Sijui umeme wa huku una tofauti gani na wa kwetu.

Sitafuti msaada wa chakula. Nataka kazi ninayoijua.

Wako,
Akoth Odongo


Thika
17 Januari 2025

Mpendwa Akoth,

Barua yako imenifurahisha, na hiyo ya kurudi na mume imenichekesha, nisamehe. Nawaambia watu waandike kwa sababu masikio yangu niliyaacha kiwandani. Ujana wangu wote niliumaliza kwenye mashine za kufuma nguo hapa Thika, na sasa simu kwangu ni mlio wa nyuki tu. Tukikaa ana kwa ana, nikikuangalia, tutaelewana vizuri.

Haya, tuje kwa kazi. Cheti chako cha tabia njema kimepitwa na wakati, kachukue kingine. Barua yako ya maombi ianze na mota, sio na shule ya msingi. Na ukifika mahali asubuhi, salimia watu kwa Kikuyu, hata neno moja. Utashangaa mlango unavyolegea.

Sasa habari njema. Bwana Njau, mzee wa kanisa letu, ana karakana kubwa ya mota na pampu hapo Ruiru. Ndiye pia aliyetupa chumba hiki cha dawati, na hatutozwi kodi. Yeye hupokea mafundi ninaowatuma kwa majaribio ya wiki mbili. Mshahara wakati huo hakuna, ila chakula cha mchana kipo. Akiridhika, anaajiri. Nenda Jumatatu na barua niliyokuambatanishia.

Nikuambie jambo moja kama mama. Shida ya wageni wengi ninaowatuma sio ufundi, ni subira. Wanaondoka kabla ya wakati, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaanzisha Semina ya Uvumilivu Kazini. Wewe nakuomba usiondoke.

Mungu akutangulie,
Beth Wamboi


Kiuu
2 Februari 2025

Madam Beth,

Wiki mbili zimekwisha, na sikuondoka.

Siku ya kwanza walinipa mota ya mashine ya kukoboa kahawa, wakasimama nyuma yangu wakiangalia. Ilipozunguka, wakaniletea nyingine. Nyuma ya karakana kuna rundo la mota zilizoungua, limefika kimo cha mtu: za machimbo ya mawe, za visima, za kusaga unga. Sikufichi, nilifurahi. Mikono ilikuwa imeanza kusahau, ikakumbuka.

Sasa nina swali. Juzi Ijumaa nilimwendea Bwana Njau nikamwuliza kuhusu kazi.

"Wiki mbili zingine tuone," akasema.

"Tuone nini, mzee?"

Akacheka, akaniambia niende nikale, chakula kinapoa.

Madam, mimi naishi kwa Mitchell. Natoka asubuhi kama mtu aliyeajiriwa na narudi jioni bila hata mkate. Hajaniambia kitu, lakini nasikia anavyofunga kabati la vyombo. Naomba umwulize mzee: nimefaulu au sijafaulu? Nikijua moja nitajipanga.

Wako,
Akoth


Thika
5 Februari 2025

Mpendwa Akoth,

Nimeongea na Bwana Njau baada ya ibada. Anasema mkono wako ni mzuri, ila una maswali mengi.

Mwanangu, nitakuambia ukweli kwa sababu hakuna mwingine atakayekuambia. Huyu ni mtu aliyejenga biashara kutoka kwa meza moja. Hapendi kusukumwa. Nyinyi watu wa ziwani mnataka kiti kabla hamjapiga hodi. Usikasirike, nasema kwa upendo. Inamisha kichwa wiki mbili tu zaidi. Na huyo Mitchell msaidie kazi za nyumbani, atalainika.

Wako katika Bwana,
Beth Wamboi


Kiuu
15 Februari 2025

Madam Beth,

Jana jioni Bwana Njau aliniita ofisini kwake. Akasema asante, hatutakuhitaji tena.

"Nimekosea wapi?" nikamwuliza.

"Hujakosea. Nafasi tu ndiyo haipo."

Rundo la mota limekwisha, Madam. Nililimaliza mimi.

Leo asubuhi nilirudi kuchukua ovaroli yangu. Getini nikamkuta mwanamume mmoja, Urbanus, fundi kutoka Mwingi. Alikuwa amekuja kupajua mahali ili Jumatatu asichelewe. Alishika barua, na sahihi ilikuwa yako. Kumbe wakati mimi naambiwa niiname, mtu wa kukaa mahali pangu alikuwa ameshaombwa.

Hapa sokoni Kiuu kuna mwanamke anayeuza nyanya. Anaitwa Naliaka, wa Kimilili, na kwa ufundi ni mchomeleaji wa vyuma. Mwaka jana alifanya kazi kwa Njau, kwa barua yako, majaribio ya wiki mbili yakazaa wiki mbili zingine. Pampu zilipokwisha kuchomelewa, nafasi ikawa haipo. Aliwakuta pale wengine wa majaribio, na waliomfuata amewaona pia.

Naomba unitajie mtu mmoja uliyemtuma kwa Njau ambaye leo yuko pale analipwa. Mmoja tu.

Ile sentensi ya watu wa ziwani niliisoma nikaiacha hapo hapo.

Akoth Odongo


Thika
19 Februari 2025

Bi. Akoth Odongo,

Barua yako ya tarehe 15 imepokelewa.

Nimesikitishwa na tuhuma zilizomo. Bwana Njau ameniarifu kwamba uliondoka mwenyewe bila kuaga, wakati yeye alikuwa tayari kukuandikisha mwisho wa mwezi. Aliniarifu hivyo hivyo kuhusu Bi. Naliaka, na kuhusu wengine kabla yake. Dawati linaweza kumfikisha mtu mlangoni. Haliwezi kumshika mguu asitoke.

Semina ya Uvumilivu itafanyika Jumamosi tarehe 1 Machi katika ukumbi wa kanisa. Unakaribishwa. Chai itakuwepo.

B. Wamboi
Msimamizi, Dawati la Wageni


Kiuu
20 Februari 2025

Madam,

Sikuondoka. Niliondolewa.

Ningetaka kuondoka ningeondoka wiki ya tatu, Mitchell aliponiambia nitafute pengine pa kulala. Nilimsihi mpaka akanikubalia nibaki kwa muda. Sasa nafua nguo Membley, nyumba hadi nyumba. Wenye nyumba ni watu wazuri, wananipa chai na mkate, na mmoja ameniuliza kama najua kusoma.

Huna haja ya kuniamini. Ruiru sio mbali na Thika. Panda gari uende ukaone, na uende siku ambayo hakungojei.

Chai ya semina sitakunywa.

Akoth


Thika
6 Machi 2025

Akoth,

Sijui nianze na Mwanangu au na Bi., kwa hiyo nimeandika jina tu.

Barua yako niliiweka pembeni wiki nzima kwa hasira. Kisha Ijumaa nikapanda gari. Sikumwambia mtu.

Lango lilikuwa wazi, lori linashusha mota. Nikasimama kando yake. Huyo Urbanus nilimwona kwenye meza ya kazi, ameinama, shati limelowa mgongoni. Ng'ambo ya uwanja Njau alikuwa amesimama na msimamizi wake, uso wake umeelekea kwangu lakini macho yakiwa kwa mafundi.

Nikuambie kitu asichokijua Njau. Kwenye mashine za kufuma hakuna anayesikia mwenzake. Tulikuwa tunaongea kwa midomo, kutoka mwisho wa ukumbi hadi mwisho mwingine, tunasengenya, tunachekana, tunaitana chai. Midomo ya Kikuyu naisoma kama Biblia.

Alisema: "Huyu amebakisha chache. Zikiisha mwambie nafasi hakuna. Yule nyanya kiziwi atatuletea mwingine."

Msimamizi akacheka. Kisha Njau akageuka, akaniona, akafungua mikono. "Mama wa kanisa! Leo tumebarikiwa!" Akaniingiza ofisini, akaniitishia chai.

Nikainywa, Akoth. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikainywa chai yake mpaka ikaisha, nikamwambia asante.

Kesho yake ilikuwa semina. Watu walifika mapema, wengine wametoka Murang'a, wamevaa vizuri. Nikasimama mbele yao na karatasi zangu. Kichwa cha somo kilikuwa "Kwa Nini Wageni Huacha Kazi." Nikazikunja. Niliwaambia wanywe chai waende nyumbani.

Jana nilienda kwa mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mzee Gachau. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nina hakika macho yangu ni mazima. Nikasema ndiyo. Akasema, "Wamboi, chumba ni cha Njau. Tukimkosea, dawati litakaa wapi? Tuliombee jambo hili."

Sijalala vizuri. Niambie wewe, nifanye nini?

Beth


Kiuu
8 Machi 2025

Mama Beth,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nachukia mahali tofauti.

Unaniuliza ufanye nini. Mimi ndiye mgeni, mimi ndiye niliyekuja kwako kuuliza. Lakini kwa kuwa umeuliza: liombeeni. Ila Jumatatu usimtume mtu. Hilo halihitaji kamati.

Urbanus jana ameambiwa nafasi haipo. Nilimpeleka kwa Naliaka, tukakaa hapo kwenye nyanya mpaka soko likafungwa. Urbanus alikuwa anageuza tu nyanya moja mkononi, mpaka Naliaka akamwambia ataiivisha. Tumekubaliana. Kamati ikikubali kutusikia, tutakuja Thika sote watatu.

Akoth


Thika
20 Machi 2025

Mwanangu Akoth,

Asanteni nyote watatu kwa kuja kwenye kikao cha kamati. Ulisema vizuri. Naliaka alipowauliza wazee kama wao wangemfanyia kazi mtu mwezi mzima kwa sahani ya githeri, niliona wawili wakiangalia viatu vyao. Nikadhani tumeshinda.

Kisha wakaunda kamati ndogo ya kuchunguza. Katibu wa kamati ndogo ni shemeji yake Njau.

Lakini soma mpaka mwisho. Jana Njau alikuja hapa dawatini mwenyewe. Ameleta barua ya ajira yenye jina lako. Kazi ya kudumu, kuanzia Aprili, na bima ya matibabu. Nimeisoma neno kwa neno, haina ujanja. Ujanja uko nje ya barua: anataka maneno haya yaishe, na dawati liendelee kutuma watu wa majaribio kama zamani. Naliaka na Urbanus hakuwataja.

Ichukue. Najua ninachokuambia. Una mtoto, na Mitchell amekuchoka. Hayo mengine niachie mimi na Mungu wangu. Angalau mmoja wenu apate.

Mama yako,
Beth


Kiuu
25 Machi 2025

Mama Beth,

Mitchell alisema niichukue. Mama yangu kwa simu alisema niichukue, halafu akampa mtoto simu, na mtoto naye akaniuliza nitaanza lini. Hata Naliaka, unaweza kuamini? Alisema, "Mimi ningekuwa wewe ningekuwa nimeshafika."

Kwa hiyo jana nilienda kusema ndiyo. Nilivaa ovaroli nikafika mpaka ndani ya geti. Mafundi wakanisalimia vizuri, wameshasikia. Kulikuwa na mota mpya zimeshushwa, rundo limeanza tena. Msimamizi akaja anatabasamu, akaniambia, "Sasa wewe ni mwenyeji. Wakija wale wa Mama Beth utakuwa unawaonyesha kazi."

Nikamwuliza, "Na wakiniuliza kama wataajiriwa?"

"Utawaambia wavumilie."

Mama, nilijiona. Niliona mtu anakuja na barua yake, amepiga pasi shati, na mimi ndiye namwonyesha waya uko wapi, na ninajua siku atakayoondoka. Ningekula mshahara huo vipi? Na sio kwamba mimi ni mtu mwema. Nikiwa narudi nilijilaani njia nzima. Nilipiga teke jiwe mpaka kidole kikavimba.

Nimekataa. Na nina hasira na wewe kwa kuileta barua hiyo. Ungeichana hapo hapo dawatini, nisingejua, ningelala.

Akoth


Thika
9 Aprili 2025

Mwanangu,

Una haki ya kukasirika. Barua hiyo niliileta kwa sababu nilikuwa nimechoka, na nilitaka hadithi hii iwe na mwisho mzuri hata kama ni wa uongo.

Nimeacha dawati. Nilimpa mzee Gachau ufunguo. Hakunisihi nibaki. Jumapili iliyofuata kulikuwa na msimamizi mpya, mama mzuri tu, hajui lolote. Nilimweleza yote tukiwa nje ya kanisa. Alinishika mkono akasema ataniombea. Nasikia ameshatuma mtu kwa Njau. Kuna watu niliobatizwa nao ambao sasa wakiniona wanavuka barabara.

Siku za Jumanne nakaa kwenye baraza la fundi cherehani mmoja, Magdalene, hapa Makongeni. Barua siandiki tena. Nachukua mtu na vyeti vyake, tunaenda naye mlango kwa mlango, na swali langu la kwanza kwa mwenye karakana ni moja: utamlipa kuanzia siku ya kwanza? Wengi wanacheka. Mmoja aliniuliza kama nimetumwa na chama cha wafanyakazi. Mwingine alisema wageni ni wengi, kwa nini anunue kitu kinachogawiwa bure. Nimerudi nyumbani nikilia, na mimi ni mtu mzima.

Juzi nilifika Juja kwa mwanamke anaitwa Trizah Mburu. Anatengeneza pampu za maji za hosteli za wanafunzi. Karakana yake ni mlango mmoja tu, huwezi kugeuka bila kugonga kitu. Fundi wake wa mota amehamia Mombasa. Nikamwuliza swali langu.

Akaniangalia. "Kwani kuna njia nyingine?" akasema.

Nikampa jina lako.

Nenda Jumatatu. Sikuahidi chochote kwa niaba yako, na yeye hakuahidi zaidi ya hilo.

Beth


Juja
17 Aprili 2025

Mama Wamboi,

Naandika wakati wa chakula cha mchana, nimekaa juu ya debe la vanishi.

Jumatatu nilipofika, Trizah hakuuliza kuhusu mume wala kuhusu ziwa. Aliniuliza miguu yangu ni saizi gani, kwa sababu viatu vya kazi alivyokuwa navyo ni vya fundi aliyeondoka. Ni vikubwa. Nimeweka magazeti ndani.

Mota ya kwanza ilikuwa ya hosteli moja ya ghorofa nne. Wanafunzi walikuwa wanapandisha maji kwa mitungi, wametukana mpaka wamechoka. Koili zilikuwa zimeshikana zote, nyeusi kama mkaa. Nilizisuka upya, na siku iliyofuata tukaenda kuifunga. Maji yalipofika juu tulisikia makelele kutoka kila dirisha, kama timu imefunga bao. Trizah hakupiga makofi. Alisema, "Sawa, twende ingine."

Lakini jioni ya kila siku nimelipwa. Hiyo ya kwanza nilimnunulia Mitchell unga, mafuta na sukari, nikaviweka mezani. Naye akaanza kupika, akaniambia nimenye vitunguu.

Usifikiri nimetulia. Naliaka bado yuko kwenye nyanya, na Trizah hana kazi ya kuchomelea ya kumtosha mtu. Urbanus amerudi Mwingi. Hakuaga, alituma ujumbe akiwa ameshafika. Nikipita pale kwa Njau na kuona lori linashusha, naangalia upande mwingine, halafu najichukia kwa kuangalia upande mwingine. Nataka Jumanne ijayo nije hapo barazani kwa Magdalene. Watu wakija, wasikie pia kutoka kwa mtu aliyeshika hizo mota.

Jana nilimwuliza Trizah kazi hii ni ya muda gani. Akasema hosteli zimempa mkataba wa miezi mitatu. Nikamwuliza na baada ya hapo? Akaweka koleo chini, akafikiri kweli kweli, akaniambia, "Akoth, sijui."

Nilirudi kwenye mota yangu nikiwa nimefurahi, nikajishangaa. Halafu nikaelewa. Tangu nifike huku, hakuna aliyewahi kuniambia hajui.

Wako,
Akoth